Namna ya kuandaa mwongozo wa mashine kwa msomaji wa utamaduni mwingine

Mashine ndogo ya kuangua vifaranga inayouzwa katika maduka ya pembejeo hapa Kisumu hufika ndani ya boksi pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwenye duka anayewajali wateja wake hutafuta mtu wa kuiweka karatasi hiyo katika Kiswahili, na kwa miaka kadhaa mtu huyo nimekuwa mimi, kwa mashine za kuangua, pampu za maji za sola, mashine za kukatakata majani ya ng'ombe na pampu za dawa za kubeba mgongoni. Nilipoanza nilidhani kazi yenyewe ni kutafuta maneno, na kwamba nikishapata Kiswahili sahihi cha kila neno la Kiingereza mwongozo umekamilika.

Sentensi iliyonifundisha vingine ilikuwa fupi: "Geuza mayai kila saa 8." Mama mmoja wa upande wa Ahero aliisoma, akaielewa, akaitii. Kila siku aligeuza mayai saa nane mchana, na kila usiku aliamka saa nane, akawasha taa, akayageuza tena. Siku ya kuangua ilipofika, mayai mengi hayakutoa kitu, na tulipoyavunja tuliona vifaranga walioshikamana na utando upande mmoja wa ganda, jambo linalotokea yai lisipogeuzwa vya kutosha. Alituonyesha, mimi na muuzaji, daftari la shule la mwanawe ambamo alikuwa ameweka alama mbili kwa kila siku bila kuruka hata moja. Mimi nilikuwa nimekusudia mara tatu kwa siku, kila baada ya muda wa saa nane kupita. Yeye alisoma kile kilichoandikwa, kwa maana Kiswahili hutumia neno lilelile kwa saa ya ukutani na kwa muda unaopita. Kosa lilikuwa langu, na mayai yalikuwa yake.

Neno asilolijua msomaji humsimamisha, akauliza jirani au akapiga simu dukani. Neno analolijua kwa maana nyingine humwacha aendelee na kazi akiwa na uhakika. Ndiyo maana mwandishi wa mwongozo unaovuka kutoka utamaduni mmoja kwenda mwingine anapaswa kutumia nguvu zake nyingi katika mambo yanayoonekana mepesi: saa, tarehe, kijiko, mshale, alama ya X. Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kuyatafuta mambo hayo kabla hayajamfikia msomaji.

Fanya kazi yenyewe kwanza, mahali itakapofanyiwa

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, peleka mashine katika nyumba inayofanana na ya msomaji wako, fungua boksi hukohuko, na uitumie mashine mpaka mwisho ukiwa na kalamu mkononi. Kwa mayai ya kuku hizo ni siku 21, na sijaona njia ya kuzikwepa. Kila mwongozo umebeba ndani yake nyumba ya yule aliyeuandika. Katika nyumba ile stima haipotei, soketi inaikubali plagi, meza imesimama sawa, na maji safi yanatoka mferejini. Mwandishi hakuyataja hayo kwa sababu kwake hayakuwa mambo ya kutajwa, na wewe ukitafsiri sentensi zake tu utakuwa umemkabidhi msomaji nyumba asiyokuwa nayo.

Chukua plagi. Mashine nyingi kutoka China huja na plagi ya vyuma viwili, ilhali soketi zetu ni za matundu matatu. Karatasi husema, "Chomeka plagi kwenye soketi." Kila mtu anayekaa Kondele au Luanda anajua atakachofanya: atachukua kifuniko cha biro, akisukume kwenye tundu la juu ili vizibo vya ndani vifunguke, kisha aingize ile plagi kwa nguvu. Mashine itawaka, na plagi itakaa imelegea kwa majuma matatu ikipata joto na kutoa cheche kando ya nyasi kavu na makasha ya mayai. Mwongozo unaosema "Tumia soketi inayofaa" haujamwambia mtu huyu kitu, kwa sababu kwake soketi ile inafaa. Mimi huandika hivi: "Plagi ya mashine hii ina vyuma viwili. Nunua adapta ya vyuma vitatu kabla ya kuiwasha mashine. Usifungue tundu la soketi kwa biro." Taja biro kwa jina lake, maana msomaji anapoona kitu anachokifanya kimeandikwa waziwazi hutambua kwamba maandishi yale yanamhusu yeye.

Kuhusu kupotea kwa stima, karatasi nilizozipokea hazikuwa na hata mstari mmoja. Katika mwongozo wangu jambo hilo lina ukurasa mzima, nao ndio ukurasa wa kwanza, kwa kuwa mtu aliye gizani na tochi ya simu hafungui ukurasa wa kumi na moja. Ukurasa huo unasema kwamba mayai huvumilia kupoa kwa saa chache na hayapaswi kutupwa. Kwamba kifuniko kisifunguliwe kwa ajili ya kuchungulia. Kwamba mashine ifunikwe kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa, na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa ziwekwe kando yake. Na kwamba stima ikirudi kazi iendelee kama kawaida, kisha mayai yamulikwe baada ya siku chache ili kuona yaliyo hai. Hayo yote hayakutoka kwenye karatasi ya asili. Yalitoka kwenye nyumba.

Saa, siku na vipimo

Andika saa ya ukutani pamoja na sehemu ya siku, na uepuke kutaja muda unaopita pale unapoweza. Mstari wangu wa sasa unasema, "Geuza mayai mara 3 kila siku: saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku." Ni mstari mrefu kuliko ule wa kwanza, lakini hauna mahali pa kuteleza, na mara tatu, kwa kuwa ni hesabu isiyogawanyika kwa mbili, hufanya yai lisilalie upande uleule kila usiku. Kama mashine ina saa yake ya tarakimu, ongeza kwamba kioo chake kitaonyesha 07:00 inapofika saa 1 asubuhi. Msomaji wetu hubadilisha saa hizo kichwani kila siku bila shida, lakini anafanya hivyo akijua ni saa ya nani anayoisoma, na mwongozo ukichanganya mpango wa Kiswahili katika ukurasa mmoja na mpango wa Kiingereza katika mwingine humnyang'anya ujuzi huo.

Siku nazo zina mtego wake. Maelekezo husema mayai yaache kugeuzwa siku ya 18, lakini hayasemi siku ya 1 ni ipi. Aliyeweka mayai Jumatatu jioni anaweza kuihesabu Jumatatu hiyo, au asiihesabu, na watu wawili wa nyumba moja wakapishana. Weka kisanduku kwenye karatasi: "Andika hapa tarehe uliyoweka mayai. Siku ya 1 ni kesho yake." Tarehe zenyewe ziandikwe kwa jina la mwezi, kwa sababu 04/07 kwetu ni tarehe nne Julai, na kwa Mmarekani ni tarehe saba Aprili. Fanya uangalifu huohuo kwa nukta na mkato. Mwongozo wa Ujerumani huandika 37,5 pale sisi tunapoandika 37.5, na msomaji aliyezoea mkato wa maelfu hana sababu ya kujua kwamba hapo umetumika kama nukta.

Vipimo vifuate vyombo vilivyomo nyumbani, lakini vichaguliwe kwa makini. Wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya wamefundishwa kupima mbolea ya kupandia kwa kizibo cha soda kwa kila shimo, na hicho ni kipimo kizuri, kwa kuwa kizibo cha Busia ni sawa na cha Homa Bay. Jerikani ya lita 20 ni nzuri vilevile, na chupa ya soda ya mililita 300. Gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, ninaiogopa, kwa sababu kitako chake hubonyezwa na wauzaji wengine sokoni mpaka kipimo kikapungua, na kikombe cha chai hutofautiana nyumba hadi nyumba. Kijiko ni kibaya zaidi ya vyote. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha mezani ni mililita 15, na mwongozo unaosema "kijiko kimoja" umeruhusu kosa la mara tatu. Pale kipimo kinapohusu dawa ya mimea au ya mifugo, mshawishi mwenye bidhaa aweke kikombe cha kupimia ndani ya boksi, hata kama atalalamikia gharama. Hilo ndilo jambo moja ambalo mimi hukataa kulilegeza.

Bahasha za dawa za binadamu bado huandikwa 2 x 3, ikikusudiwa vidonge viwili mara tatu kwa siku. Aliyesoma hesabu shuleni anaona sita. Andika maneno.

Michoro haijitafsiri yenyewe

Wapo wanaoamini kwamba picha inaeleweka na kila mtu, na kwa hiyo, lugha ikiwa ngumu, tuongeze picha. Nami niliamini hivyo. Kisha nikamwonyesha mzee mmoja mchoro wa mashine ya kukata majani ya ng'ombe, wenye mkono ulioingia karibu na visu na alama kubwa ya X juu yake, nikamwomba aniambie unasema nini. Akaniambia hapo ndipo pa kushika. Nilipomuuliza kwa nini, alinieleza kwa utulivu kwamba ukiingia kupiga kura, unaweka X kwenye kisanduku cha yule unayemtaka. Mwanafunzi anayerudishiwa daftari na mwalimu anaijua X kuwa kosa, lakini mtu ambaye hakukaa sana darasani, na amepiga kura kila uchaguzi maisha yake yote, anaijua X kuwa chaguo. Mzee alikuwa na sababu nzuri kuliko mchoraji. Tangu siku hiyo hatua za kazi nazichora kwa namna moja tu, ile iliyo sahihi. Palipo na hatari ya kukata kiungo au kuua, nachora kitendo na matokeo yake kwa pamoja, kisha naandika chini yake kwa herufi kubwa: "USITIE MKONO HAPA."

Mpangilio wa michoro pia ni lugha. Msomaji wa Kiingereza au wa Kiswahili cha leo huanza kushoto, wa Kiarabu na wa Kiebrania huanza kulia, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kutoka kulia kwa muda mrefu kabla ya herufi tunazotumia sasa. Panga michoro kutoka juu kwenda chini, uipe namba kubwa, na shida hiyo itakuwa imekwisha.

Kinachohitaji kukaa nacho zaidi ni kitu kinachofananishwa. Viwavijeshi vamizi walipoingia katika mashamba yetu ya mahindi mwaka 2017, mkulima aliambiwa awatambue kwa alama ya Y iliyopinduliwa kwenye uso wa kiwavi, pamoja na madoa manne yanayokaa kama pembe za mraba karibu na mkia. Ni maelezo sahihi kabisa ya mdudu. Lakini mtu asiyesoma herufi hana Y ya kuipindua. Kila mtu aliyekulia kijijini anaijua panda ya manati, na ukimwambia atafute panda ya manati iliyopinduliwa, miguu yake miwili ikiwa chini, atamwona kiwavi huyo mara moja. Kando ya kiwavi aliyekuzwa chora punje ya mahindi iliyokuzwa kwa kiasi kilekile, ili asidhani kwamba anayetafutwa ni mdudu mwenye ukubwa wa kidole gumba na kuwapita walio wadogo, ambao ndio wanaouawa kwa urahisi.

Angalia pia ni nani aliye kwenye picha. Katika nyumba nyingi za huku kuku ni wa mama, na mwongozo wa kuangua vifaranga wenye picha za wanaume peke yao humfanya aliyenunua mashine amkabidhi kijana wa kiume karatasi, na kazi abaki nayo mwenyewe. Mchore mama mwenye leso, katika chumba cha kawaida, na jerikani ikiwa mahali pake.

Kiswahili cha mwongozo

Kiswahili kina tatizo moja ambalo karatasi za Kiingereza haziwezi kukuonya. Majina ya vyombo tulivyovipokea kutoka nje karibu yote yameingia katika ngeli moja: mashine, feni, swichi, betri, trei, plagi, soketi, saketi. Kwa hiyo sentensi kama "Ikizima, ifungue uikague" inaweza kuwa inazungumzia kitu chochote kati ya hivyo vinane, na msomaji atachagua kile kilicho mbele ya macho yake. Rudia jina kila mara: "Feni ikizima, chomoa plagi. Fungua kifuniko cha feni. Kagua waya wa feni." Mwalimu wa insha atasema umerudiarudia, na katika insha angekuwa sahihi. Katika mwongozo kurudia huko ndiko kunakomwongoza mkono.

Hatua za kazi ziandikwe kwa amri ya kawaida, "weka", "jaza", "geuza", kama mapishi yanavyoandikwa. Wapo wanaohofia kwamba msomaji aliye mtu mzima ataona amevunjiwa heshima, kisha wanatia "tafadhali" kila mahali. Kwa uzoefu wangu heshima huonekana zaidi kwa kumpa mtu maelezo kamili, na neno hilo ni zuri ukurasa wa mwanzo pale unapomkaribisha. Liondoe kwenye onyo, kwa sababu "Tafadhali usifungue" ni ombi, na ombi lina nafasi ya kukataliwa.

Kumbuka kwamba kwa wasomaji wengi wa Nyanza na magharibi Kiswahili ni lugha ya pili baada ya Kijaluo, Kiluhya, Kikisii au nyinginezo, waliyoipata shuleni na sokoni. "Kiangulio" ni neno zuri la kamusi, lakini "mashine ya kuangua vifaranga" ndiyo inayoombwa dukani. Usiandike "zungusha kufuata mshale wa saa" kwa kijana ambaye saa yake ni simu; andika "zungusha kama unafunga kifuniko cha jerikani." Tena karatasi ileile ikivuka mpaka wa Isebania kwenda Mwanza, stima ingefaa iwe umeme, na gorogoro haitaeleweka. Kushiriki lugha moja hakumaanishi kwamba mpaka haupo.

Onyo linalotegemea alama ngeni

Mwaka 1971 Iraq iliagiza shehena kubwa ya mbegu za ngano kutoka Mexico, zilizopakwa dawa ya kuua kuvu yenye zebaki. Mbegu zilitiwa rangi nyekundu ili kuonya, na magunia yalikuwa na onyo kwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo wakulima wa vijijini hawakuzisoma. Mbegu nyingi zilifika msimu wa kupanda ukiwa unapita, chakula kilikuwa haba, na watu wakasaga ngano ile na kuoka mkate. Wengine waliiosha, rangi ikatoka, nao wakaamini kwamba sumu imetoka pamoja nayo. Wengine walifanya jaribio la busara kabisa: waliwalisha kuku, wakangoja siku kadhaa, kuku hawakufa. Sumu ile huchukua majuma kabla ya kuonyesha dalili. Waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530, na kati yao 459 walifia huko.

Ninaisimulia habari hii kwa kila mtu anayenipa kazi ya mbegu, kwa sababu mahindi ya mbegu yanayouzwa huku nayo huja yamepakwa dawa na kutiwa rangi, na mwezi wa Mei ghala likiwa tupu, kilo mbili za mbegu zilizobaki ni kishawishi kikubwa. Kuandika "Sumu" hakutoshi. Msomaji ana maswali yake, naye atayajibu mwenyewe usipomjibu: Je, nikiosha? Je, nikichemsha? Je, nikiwapa kuku kwanza? Andika majibu kwa mpangilio huo: "Usile mbegu hizi wala usiwape kuku au mifugo. Kuziosha hakuondoi hatari. Kuzichemsha hakuondoi hatari. Kuku asipokufa leo, hiyo haina maana kwamba mbegu ni salama." Hivyo ndivyo onyo lolote linavyopaswa kutungwa: litangulie mbele ya njia ambayo mtu mwenye akili, aliye na haja, angeifikiria.

Ukiwa wewe ndiye unayepeleka nje

Mafundi wetu wa jua kali wanaotengeneza majiko ya mkaa yenye udongo ndani hupata wanunuzi wa ng'ambo, na mmoja wao aliniletea maelekezo yake niyatazame. Yalikuwa safi, ila hayakusema kwamba jiko huwashiwa nje. Kwetu hilo ni jambo la kila jioni: jiko linawekwa mlangoni, upepo unalipuliza, moshi unaisha, kisha ndipo linapoingizwa. Mnunuzi wa Hamburg aliye ghorofani, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi, hana jioni hiyo katika kumbukumbu zake. Tena hata kwetu mazoea hayo hayatoshi, kwa kuwa makaa mekundu yasiyotoa moshi bado yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi watu hufa kwa gesi hiyo vyumbani. Tuliandika juu kabisa kwamba jiko litumike nje tu. Ili kuyapata mambo ya namna hii, mwombe mtu wa utamaduni ule atumie kitu chako mbele yako, nawe usimsaidie. Pale utakaposhikwa na hamu ya kusema "ngoja", andika.

Kupima mwongozo kabla ya kuuchapa

Usimuulize mtu kama ameelewa. Ukiwa mgeni nyumbani kwake, umekaribishwa chai, atakujibu kwamba ameelewa vizuri sana, kwa sababu kukujibu vingine ni kukuaibisha. Mpe karatasi na mashine, kaa kando, na ukae kimya. Mahali asipoweza kufanya kazi yenyewe, muulize, "Mwanao akirudi kutoka shule akauliza mchoro huu unasema nini, utamwambiaje?" Swali hilo linamweka yeye kuwa mwalimu, naye husema anachokiona bila hofu.

Watu watano au sita wa aina mbalimbali hufichua makosa mengi, na mimi huwatafuta sokoni Kibuye, kisha tena vijijini. Alama za hatari zinahitaji zaidi. Kanuni za Marekani za alama za usalama zinataka asilimia 85 ya waliopimwa waeleze maana sahihi, na wasizidi asilimia 5 waliodhani kinyume chake. Hicho kipimo cha pili ndicho ninachokithamini, kwa kuwa mtu aliyeelewa kinyume yuko hatarini kuliko asiyeelewa. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipotaka alama mpya ya mionzi, kwa vile ile ya zamani ya mabawa matatu haikuwaambia kitu wasioifahamu, iliyopendekezwa ilipimwa kwa watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo, kabla ya kutangazwa mwaka 2007. Ina miale inayoshuka, fuvu, na mtu anayekimbia.

Karatasi yenyewe ichaguliwe kwa ajili ya chumba itakamokaa. Chumba cha kuangulia kina mvuke na vumbi la manyoya, kwa hiyo iwe ngumu, iliyopakwa plastiki, herufi zisomeke kwa mwanga wa taa ndogo, na itobolewe juu ili itundikwe kwa msumari karibu na mashine. Acha pambizo pana lisilo na plastiki, pa kuandikia. Baada ya msimu mmoja rudi ukazisome nakala zilizotumika. Yule mama wa Ahero, ambaye alikubali kujaribu tena na mwongozo wa pili, alikuwa ameandika pambizoni kwa penseli, kwa Kijaluo, neno ambalo hakuna karatasi ya kiwandani iliyowahi kulisema: feni ikinyamaza, amka. Yeye hulala chumba cha pili, na stima ikipotea usiku hana taa ya kuona imezima, lakini masikio yake yamezoea mvumo wa feni mpaka kimya humwamsha. Katika toleo la tatu mstari huo uko ukurasa wa kwanza, juu ya blanketi na chupa za maji ya moto.